Sumu ya Warumi

Ainabkoi, 3 Juni

Kwa Chepkirui,

Hujambo huko Munyaka, na masomo je? Huku ng'ombe wako wazima, mimi ndiye mgonjwa. Tangu Jumapili nilipotoka Elgon View kwa mamake Kibet wako, pua inatiririka na kifua kinakwaruza. Nilikunywa maziwa yake ya mursik vikombe viwili, kwa heshima tu. Wewe unasomea udaktari, niambie nina nini. Wakwe wanaleta mahari kwenye koito yenu tarehe kumi na nne, na siwezi kuwapokea nikipenga kamasi. Simu ilitumbukia kwenye debe la maziwa, ndiyo maana nimempa Khisa wa lori la maziwa barua hii.

Mamako

Munyaka, Eldoret, 4 Juni

Mama,

Pole sana. Mimi niko salama, ni mitihani tu inanisumbua. Hiyo ni virusi, Mama. Kunywa vitu moto, upumzike, utapona. Halafu sikia vile tumefunzwa leo: neno hilo ni la Kilatini, na zamani Warumi walilitumia kumaanisha sumu, hata ile ya nyoka. Kwa hivyo una sumu ya Warumi.

Binti yako

Ainabkoi, 6 Juni

Chepkirui,

Natumai umzima. Barua yako imenikalisha chini. Nilijua tu! Mamake Kibet mwenyewe mursik hakuigusa, ati tumbo linamsumbua. Na Warumi nawajua: ukoo wote wa Kibet ni Wakatoliki wa Roma. Nimemtuma Khisa awaambie koito hakuna.

Mamako

Eldoret, 7 Juni

Mama,

Sitaki hata kukusalimia. Ni neno lililotoka kwa Warumi, si ugonjwa! Virusi hurushwa kwa chafya, mtu kwa mtu. Kibet amenipigia simu akilia, mwanaume mzima. Nampenda, Mama. Tafadhali usinivunjie ndoa kwa sababu ya Kilatini.

Binti yako

Ainabkoi, 12 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kujibu kwa aibu. Juzi gari la Elgon View liliingia hapa, mamake Kibet akashuka na leso puani, macho mekundu. Ameugua tangu Jumatano ya wiki jana. Khisa alikuwa amemweleza mambo yote ya sumu, na akaniuliza polepole, "Mama Chepkirui, siku ile uliniwekea nini?"

Hapo nikakumbuka kwamba Jumamosi, kabla sijakanyaga kwake, nilikuwa nimeshaanza kupiga chafya. Nilitaka kunyamaza, lakini nikakuona wewe machoni pangu, ukibaki bila mume. Nikamwambia sumu ilitoka kwangu. Alinitazama sana, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi kikanishika. Tulikunywa chai ya tangawizi birika mbili.

Koito iko Jumamosi. Njoo mapema unisaidie kupika, na Kilatini ukiache huko huko Munyaka.

Mamako, Mrumi