Ngozi ya Fundi wa Oksijeni

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu mpendwa,

Kikohozi kimepona. Picha niliyokutumia imekutia simanzi bure. Unasema nimepauka kama mtu asiye na mwenyewe, nirudi unitunze. Ni kazi tu hiyo. Pampu yangu husukuma oksijeni kutoka mtungi mkubwa hadi mitungi ya wapiga mbizi, na tone la mafuta likiingia humo laweza kuwaka moto. Ndiyo maana sijipaki mafuta mwilini.

Ila tangu Januari nimestaafishwa. Leo nilifungua kopo la mafuta ya kujipaka, nikalitazama, nikalifunika tena, sijui kwa nini. Nikajikuta kwenye karakana ya kazini.

"Babu, umesahau kustaafu?" mpiga mbizi mmoja akanitania.

"Naona hivyo."

"Basi nawa mikono utubadilishie mipira ya kuzibia pampu. Tuliyofunga sisi inavujisha gesi."

Nikanawa, nikaifunga mipya. Kisha nikajaribu kukikumbuka chumba cha mama ulichonitengea huko nyumbani, nisijue hata mlango wake uko upande gani. Nimechanganyikiwa, mdogo wangu, lakini nisikuweke roho juu.

Ni mimi kaka yako, na sitarudi.