Bafundi Makumi Ine ba Mapalo

Mardi, 9 septembre 2025
Mutoto wangu mwanamuke, Mapalo, anamaliza mémoire yake, kitabu ya kumaliza université. Ata-défendre samedi, ataielezea mbele ya professeurs ba jury. Chomba, mwenzangu, anasema ku kazi: Papa Mapalo, siku ile sisi bote tutamumwangia poudre ku kichwa, vile banafanyiaka mwenye kushinda. Nilikamata boîte mbili ku boutique.
Mama yake hakuona hii. Alikufa, miaka ine sasa.

Mercredi, 10 septembre
Nilimuomba Mapalo anisomee. Mi nilifika mwaka wa ine wa primaire tu, français ya vile inanipita. Anasoma, anageuza mu Swahili. Ni juu yetu — bantu ba kuchoma matafali ya Kampemba. Nilifurahi.
Kisha anasoma: tuliuliza bafundi makumi ine, bote banachoma na makala, siku mbili.
Nikamwambia, simama hapo. Sisi tunachoma na miti. Siku tano. Na tuko bantu kumi na saba. Ulimuuliza nani?
Anasema: Papa, bote banafanyaka vile. Jury haitakuya kuhesabu.
Alikopia mu mémoire ya muntu wa muji ingine. Toka nyumba mupaka ku four, tanuru yetu ya matafali, ni dakika kumi na tano na miguu.

Jeudi, 11 septembre
Nilielezea Chomba. Akacheka. "Acha mutoto apate diplôme. Sisi bantu ba matope, nani anatutafuta?"
Nikasema: muntu mwenye kusoma, anauliza kwanza.
"Basi weye njo professeur."
Bote ku kazi bakacheka. Bacheke.
Mangaribi nilimwambia Mapalo: kesho unakuya ku four, unauliza bantu. Samedi unaambia jury kweli. Kama hapana, mi sitafika.
Analia. Banaweza kumurudisha mwaka muzima, anasema. Nikasema: basi, mwaka. Kisha akaniangalia mu macho: "Papa, ni weye ulinikatazaka kufika kule. Tangu mutoto. Ulisema nitachafuka, mi ni muntu wa masomo."
Ni kweli. Nilisema. Hata siku moya sikumuacha aniletee chakula kule.
Nikamwambia: nilikosa. Kesho unakuya.

Vendredi, 12 septembre
Alikuya. Viatu vyeupe. Four inawaka siku ya tatu.
Alianza na Mama Ngosa, mwenye kutuletea mayi. Mama, munajuaka namna gani moto imefika juu? Ngosa akamukamata mukono, akamusimamisha karibu na ukuta. "Sikia na uso."
Aliandika. Kisha akauliza kintu hakuna muntu alituulizaka: nani anakohoa? Mikono tisa, na yangu ndani. Ku nyumba sikusemaka.
Bantu kumi na sita balijibu. Chomba alikataa. "Mi si wa kuwekwa mu kitabu."

Samedi, 13 septembre
Ku université. Tuko inje, ninaandika ku magoti.
Mapalo alisimama mbele ya professeurs batatu. Alisema: ile hesabu ya makumi ine niliikopia, ni bongo, si kweli. Nilienda jana. Ni kumi na sita. Mukubwa wa jury akavua lunettes. Akasema hajaona hii, tutoke bote, jury itaongea kwanza.
Inapita saa nzima. Banafunzi bengine banamuangalia Mapalo kama mwizi. Nilikaa karibu naye.
Chomba naye alikuya, na shati ya kanisa. Alikohoa kidogo, akasogea. "Mademoiselle. Ule muntu wa kumi na saba... unaweza kuniuliza."
Mapalo alifungua cahier. Anamuuliza ameanza kazi mwaka gani. Chomba anajibu polepole, anahesabu na vidole.
Mulango inafunguka. Banaita jina ya Mapalo.
Mapalo anainua mukono, bangoye kidogo. Chomba hajamaliza.