Kizibo Chekundu Alichoondoka Nacho Khisa

Mpendwa Shangazi Edah,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya klabu ya drafti iliyo kando ya kibanda changu cha mitumba hapa Kitale, natangaza kwamba kizibo kimoja chekundu cha soda kimepotea, na sasa upande mmoja unacheza na punje ya hindi.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba aliyeondoka nacho ni Khisa, kijana wa miaka ishirini niliyemtoa kwa ulevi wa chang'aa kwa hiyo drafti, maana sheria yangu ni moja, kila anayekuja namnusa mdomo na akinuka pombe hachezi, na Khisa alikuwa amemaliza miezi saba bila kukosea, sasa mwezi uliopita akatoka kwao Myanga ananuka pombe ya busaa mpaka wateja wakageuka, nikamwambia mbele ya wenzake, "Rudi ukiwa msafi," akasema, "Mathe, sijaonja, nilikuwa nakoroga tu," nikamjibu ati wote husema hivyo, na mmoja akamtania, "Si ungekoroga na mwiko, bana, badala ya shati?" wakacheka, akaenda na kizibo mkononi, na baada ya wiki mbili mamake, Phelista, akanieleza kwamba walikuwa wanapika busaa ya tohara ya mdogo wake, Khisa akabeba maji na kukoroga kimea siku tatu na hakuonja hata kikombe, na alikuja mbio kuniambia hilo. Sasa anashinda kwa chang'aa huko Cheptais. Nikimwomba msamaha, hawa wengine wataheshimu sheria tena?

Wangechi, Mama Muturi
Kitale

*

Mama Muturi, pole sana. Lakini sheria yako ilisema unuse mdomo ama shati? Aliyeivunja ni wewe. Huyo kijana alikaa na mitungi siku tatu, akaja kwako kama mtoto aliyepita mtihani, ukampokea na pua. Na hao wengine waliona yote. Wanangoja tu kuona mama akikosea hufanya nini.

Funga kibanda kesho. Beba drafti, beba na wale waliocheka, Phelista awaonyeshe njia ya Cheptais. Usimhubirie. Usimnuse. Sema, "Nilikosea," halafu panga vizibo, uache pengo la kile chake. Akikataa, rudi wiki ijayo, na nyingine. Lakini usichelewe, kwa sababu mtu aliyeacha chang'aa miezi saba akirudi huanza na kipimo chake cha zamani, na mwili ulishakisahau, kikamuua.

Nasema usichelewe. Barua yako ilikaa kwa droo yangu wiki tisa.