Panya Waliopewa Vitamini

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. U hali gani? Mama ameniambia nyanya zako zimeanza kuiva, nikafurahi. Mimi sijambo, ila mikono inanuka panya hata nikiisugua vipi.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Natunza panya weupe wa maabara. Usicheke! Nusu yao nawachanganyia vitamini E katika chakula kwa majuma mawili. Nusu nyingine hula chakula kitupu, bila vitamini. Kisha daktari huwapa wote dawa kidogo ya kuulia wadudu wa shambani, nami hukaa na saa mkononi, nikiandika nani ameanza kutetemeka, nani ameshikwa na degedege, na kwa muda gani.

Nilidhani wataanguka wote sawasawa. Kumbe wapi! Wengi waliokula vitamini walichelewa kuanguka, tena waliinuka upesi. Nikamwuliza daktari kwa nini. Akasema anashuku sumu ile hula ubongo kama kutu ilavyo bati, na vitamini huipunguza kasi. Nikauliza tena: je, mtu akimeza vidonge hivyo anaweza kupuliza dawa bila hofu? Akaruka: "Thubutu! Hawa si bado wanaanguka? Kinga ni kutoiruhusu sumu ikufikie." Halafu akataka kujua mbona nina maswali mengi kuliko wanafunzi wake. Nikainamia daftari langu.

Wewe nitakujibu, kaka. Siku ile ulipoanguka shambani ukitoka povu, watu wakasema una kifafa, wazazi wa mchumba wako wakavunja uchumba. Asubuhi ile dawa niliichanganya mimi. Uliniagiza vifuniko viwili. Nilitia vinane, nikitaka wadudu wafe siku moja nipumzike. Bomba la kupulizia lilikuwa likivuja. Niliona shati lako limelowa mgongoni, nikanyamaza. Hujaanguka tena tangu hapo, na bado wanakuita mwenye kifafa. Nilijitia sijui, mpaka panya wa kwanza alipokakamaa mbele yangu. Nilikuona wewe.

Daktari nimemweleza yote. Anasema uje upimwe. Mama nimemwandikia pia, na wazazi wa yule binti. Najua ameshaolewa. Sikuandika ili arudi, bali jina lako lisafike.

Ukinikasirikia, ni haki yako. Nisalimie majirani wote, hata waliokusema.

Ni mimi, mdogo wako niliyekukosea.