Mbaazi Kwenye AC

Jumatatu, 8 Septemba 2025

AC ya gari imekufa. Nimegundua mchana nikitoka shuleni – inanipulizia hewa ya moto usoni kama mbuzi aliyekimbia. Siku nyingine ningefungua dirisha na kuendelea na maisha. Lakini Ijumaa nampeleka Mama Vailet Arusha kufunguliwa jicho. Daktari aliyempasua alisema vumbi marufuku, upepo marufuku. Vioo juu mpaka mwisho. Bila AC, tukifika Magugu kwenye joto lake nitakuwa nimembanika mke wangu.

Yuko sebuleni na redio yake, jicho la kulia limefungwa. La kushoto siku hizi linaona vivuli tu. Kwa hiyo matumaini yote yako kwenye hilo moja. Ameniuliza mbona niko kimya. Nikasema nasahihisha madaftari.

"Baba Vailet, ungekuwa unasahihisha ungekuwa unalalamika."

Sijamwambia ya AC. Wala ya Jumamosi – kwamba mbaazi zake za shamba la Nangara nilizitandaza kwenye turubai nikazipura kwa gari, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka maganda yakaruka hadi kwa jirani. Alishanikataza. Anasema gari si punda. Lakini nilijua nisipozimaliza, atashika fimbo na kuzipiga mwenyewe, vumbi lote machoni. Nimemwambia vijana wa Nakwa ndio waliozipiga. Akawaombea baraka.

Jumanne, 9 Septemba

AC nimeitibu mwenyewe. Nimenunua kopo la gesi ya AC dukani, nikatazama video kwenye simu, nikajaza. Baridi ikaja. Nikajipongeza – miaka ishirini na mbili nafundisha fizikia, kumbe si bure. Nikazunguka stendi mara mbili vioo vimefungwa, nikiwapungia watu.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi hewa ya moto tena. Fizikia imeisha usiku.

Jioni nimekwenda kwa Anselm, fundi AC wa Maisaka. Nilimfundisha kidato cha pili na nikamwandikia kwenye ripoti "hana bidii". Anaikumbuka. Kafunga geji zake, kaangalia, kanigeukia kwa upole kama daktari wa wagonjwa mahututi.

"Mwalimu, presha iko chini pande zote mbili. Gesi imevuja. Uliijaza bila kutafuta tundu?"

Nikakubali.

"Ukiwa na ndoo imetoboka, mwalimu, unaongeza maji?"

Hilo swali nililitunga mimi. Mtihani wa mwaka 2009.

Kafungua boneti, kapaka povu la sabuni kwenye mabomba, moja baada ya jingine. Mbele kabisa, karibu na kondensa, ile kama rejeta ya AC, povu likaanza kuchemka. Kaingiza koleo, kachomoa kijiti kirefu cha mbaazi, kigumu kama msumari. Kimejichomeka kwenye maungio, kimesukuma bomba, mpira wa kuziba gesi ndani umekaa upande. Nyuma yake kondensa nzima imejaa maganda, feni iliyavuta yote.

Anselm hakucheka mara moja. Aliwaita kwanza mafundi wenzake.

"Umepura kwa gari?"

Nikasema vijana wa Nakwa. Akanitazama. Nikasema ni mimi.

"Wewe ni wa tatu mwezi huu," kasema. "Wa kwanza alikuwa baba yangu. Lakini huyo hajasoma fizikia."

Alhamisi, 11 Septemba

Anselm kapuliza maganda kwa upepo wa kompresa, gereji ikawa kama uwanja wa mavuno. Kabadilisha mpira. Kisha pampu ikanyonya hewa yote ndani ya mabomba, nusu saa nzima, ikazimwa, tukakaa kuitazama mishale ya geji kama watu wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Haikutikisika. Ndipo akapima gesi kwenye mzani, akajaza polepole. Baridi! Mpaka miwani yangu ikaingia ukungu.

Nimemuuliza kama maganda yote yametoka. Kasema ya ndani, yote. Ya kwenye grili ya mbele nimalize mwenyewe, nipate bidii kidogo.

Nimeyatoa kwa brashi ya kiatu. Nimekagua mara tatu. Ila mimi mwenyewe bila miwani vitu vidogo vya karibu sivioni, na miwani niliisahau kwa Anselm.

Ijumaa, 12 Septemba

Arusha. Miwani niliipitia kwa Anselm alfajiri. Naandika nikiwa kwenye gari, uwanja wa hospitali. Mama Vailet yuko ndani tangu saa nne.

Magugu tumeipita vioo juu, baridi mpaka akajifunika kitenge. Akanishika mkono kwenye gia. "Gari limekuwa zuri hivi lini?" Nikasema nimelifanyia sevisi. Baadaye kidogo: "Ila linanukia shamba." Nikaongeza sauti ya redio.

Saa sita na robo. Sijaomba hivi tangu Vailet azaliwe. Hata wale vijana wa Nakwa nimewaombea, japo hawapo.

Ametoka. Jicho limefunguliwa. Amesimama mlangoni, ameweka mkono juu ya paji, anatazama magari yote. Sijapiga honi. Nataka anitafute mwenyewe.

Anakuja. Moja kwa moja, hashikwi na mtu. Hatua zake zile za zamani.

Haendi mlangoni. Amesimama mbele ya gari. Ameinama kwenye grili, chini ya namba, kwa vidole viwili anavuta kitu taratibu. Anakiinua juani.

Ganda la mbaazi. Dogo mpaka hata mimi mwenye miwani silioni vizuri.

Ananitazama kupitia kioo. Machozi yananitoka huku nimefunga mlango kwa ndani.