Tangi la Mama

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wale watundu wako wawili. Sisi huku tunapumua. Kikohozi changu kimekwisha, kwa hiyo acha kunitumia dawa. Ile ya mwisho ilikuwa chungu kama makaripio yako.

Umeuliza habari za Baba, na za tangi la samaki la Mama, maana mnunuzi umeshampata. Baba alikonda, Dada. Alikonda mpaka mkanda ukaishiwa matundu, na daktari alimpima kila kitu akasema haoni ugonjwa.

Tangi nalo lilinivuruga akili. Tangu tumzike Mama nilikuwa nikilisafisha kupita kiasi, mpaka matumbawe yakaanza kupauka kwa njaa. Wewe hukuyapenda mambo haya, basi nikukumbushe alivyotufundisha. Samaki wakila, mabaki na kinyesi chao huliwa na bakteria wanaoishi ndani ya mawe, na wao huyageuza kuwa nitrati, chakula cha matumbawe. Kikipungua yanapauka, kikizidi mwani unatanda kote. Bakteria wale aliwaleta Mama mwenyewe, kwenye jiwe moja kubwa, na kila mchana baada ya kula aliketi pale mkono ukiwa majini, eti anawasalimia wanawe wasiolalamika.

Sasa, samaki wa mwisho alikufa nikamtoa, na sikutia tena chakula chochote. Hata hivyo kila nikipima, maji kwenye kichupa cha kupimia yanageuka mekundu, yaani nitrati imepanda, na matumbawe yamenawiri kuliko enzi za Mama. Nilipindua mawe yote, sikuona kilichooza. Nikajua tu ni Baba, anamwaga sahani yake humo.

Saa ya chakula nikajibanza nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku. Baba alikula akamaliza, akalamba na vidole. Kisha akaenda kwenye kiti cha Mama kando ya tangi, akakunja mkono wa shati, akautumbukiza mkono majini. Hakutia kitu. Alitabasamu tu, akiyaangalia maji. Alipoondoka nikapima, na kichupa kikawa chekundu kuliko siku zote.

Niliogopa, nikamkataza. Alilia kama mtoto, akasema ninataka Mama ashinde na njaa. Nikatia kufuli kwenye mfuniko, ufunguo nikauvaa shingoni. Siku hizi amenenepa na anafoka kama zamani, ungefurahi. Juzi alinitazama sana, halafu akanishukuru kwa kupokea zamu yake.

Hilo ndilo ninalotaka kukuungamia. Nilifungua ule mfuniko ili nisugue kioo tu. Mkono wangu ulipofika kwenye jiwe, ulishikwa. Ulishikwa kwa upole, Dada, kama mtoto anayevushwa barabara, na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, kile cha Mama ulichokibana na mlango ulipokuwa mdogo. Sikupiga kelele. Nilikaa mpaka ngozi ikajikunyata kwa maji, na kesho yake nikarudi, na kila siku tangu hapo. Ninakula vizuri kabisa, lakini suruali zangu zote zinanidondoka, na kusema kweli sijali.

Kwa hiyo mlete huyo mnunuzi. Njooni upesi, kabla sijakuandikia barua nyingine ya kukukataza.

Msalimie sana shemeji, na wapwa wangu uwabusu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda