Ufagio wa Jirani wa Chini

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mjukuu wako kaota meno mawili, sasa anang'ata hata Biblia ya baba yake.

Unamkumbuka jirani wetu wa ghorofa ya chini, anayegonga dari kwa mpini wa ufagio kila tukianza kuimba? Tangu tuhamie ugenini kuhubiri, ibada ilikuwa sisi watatu na viti vitupu. Jumapili iliyopita hatukuimba. Mume wangu mchungaji alikuwa amelazwa, kifua (usishtuke, karudi, anakula), nami nilikuwa nafunga sanduku turudi nyumbani, kama nilivyokuandikia.

Mlango ukagongwa. Ni yeye, ufagio mkononi.

"Mbona leo kimya? Kuna nini?"

Nikamweleza. Akaegemeza ufagio ukutani, akampakata mtoto, akaketi kiti cha mbele.

"Basi imba. Nimeshazoea."

Nikaimba, Mama, sauti ikikwaruza kama bawaba kavu.

Leo kaja na ukoo wake mzima! Mwambie mjomba, aliyesema tunampigia mbuzi gitaa, kwamba mbuzi kacheza. Na kitanda ulichonitandikia, mpe mgeni. Viti havikutosha, ibada nzima nimekalia lile sanduku.

Bintiyo, niliyepoteza sauti kwa kuimba